Lenzi ya telefoto

Lenzi ya telefoto ni lenzi ya kamera yenye urefu wa fokasi mkubwa kuliko ule wa lenzi ya kawaida, hivyo hufanya kitu kilicho mbali kionekane kikubwa katika picha. Hutumiwa kupiga picha za wanyamapori, ndege, michezo, mikutano ya hadhara, nyuso za watu na mwezi. Kwa maana finyu ya kiufundi, jina hili ni la lenzi ambayo umbo lake ni fupi kuliko urefu wake wa fokasi. Katika mazungumzo ya kila siku ya wapiga picha, karibu kila lenzi ya kupigia mbali huitwa telefoto.

Hakuna lenzi moja ya telefoto inayofaa kwa kazi zote. Ile inayofika mbali na kupitisha mwanga mwingi huwa nzito na ya bei kubwa; iliyo nyepesi na nafuu hupungukiwa ama umbali ama mwanga. Kwa sababu hiyo uchaguzi wake hutegemea hasa mambo mawili: umbali wa kitu kinachopigwa picha, na kiasi cha mwanga kitakachokuwepo.

## Namna inavyofanya kazi

Urefu wa fokasi hupimwa kwa milimita. Kadiri unavyoongezeka, taswira huwa kubwa zaidi kwenye kihisi cha kamera, na pembe ya mwono hupungua. Lenzi sahili ya 600 mm ingehitaji bomba la sentimita 60 hivi. Katika telefoto ya kweli kundi la vioo vya mbele hukusanya miale ya mwanga, kisha kundi la nyuma huitawanya kidogo kabla haijakutana. Matokeo yake ni taswira kubwa kama ya lenzi ndefu, ndani ya bomba fupi zaidi.

Kwa kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, kinachoitwa fremu kamili, lenzi ya 50 mm huhesabiwa kuwa ya kawaida. Pembe ya mwono, ikipimwa kutoka kona hadi kona, ni takriban:

- 50 mm: nyuzi 47
- 100 mm: nyuzi 24
- 200 mm: nyuzi 12
- 300 mm: nyuzi 8
- 400 mm: nyuzi 6
- 600 mm: nyuzi 4

Kamera nyingi zina kihisi kidogo zaidi. Kwenye kihisi cha aina ya APS-C pembe hupungua kana kwamba urefu wa fokasi umezidishwa kwa 1.5, au 1.6 kwa kamera za Canon. Kwenye Micro Four Thirds kizidishi ni 2. Hivyo lenzi ya 300 mm kwenye APS-C huonyesha eneo lilelile ambalo lenzi ya 450 mm ingeonyesha kwenye fremu kamili. Lenzi yenyewe haibadiliki: kihisi kidogo huchukua sehemu ya katikati tu ya taswira.

Picha za telefoto huonyesha vitu vya mbele na vya nyuma kana kwamba vimebanana. Katika picha nyingi za tembo wa Amboseli nchini Kenya, Mlima Kilimanjaro huonekana kama uko nyuma yao tu. Hali hiyo husababishwa na umbali wa mpiga picha kutoka kwa tembo, wala si vioo vya lenzi. Picha iliyopigwa kwa lenzi ya kawaida kutoka mahali palepale, ikikatwa na kukuzwa, huonyesha mbanano uleule, ila kwa ubora hafifu.

## Historia

Mwaka 1891 Thomas Rudolphus Dallmeyer nchini Uingereza na Adolf Miethe nchini Ujerumani walibuni lenzi za telefoto za kupigia picha, kila mmoja kwa upande wake. Dallmeyer alichapisha kitabu kuhusu upigaji picha wa aina hiyo mwaka 1899. Kwa Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 kampuni ya Zeiss ilitengeneza lenzi ya 180 mm yenye tundu la f/2.8, iliyokuja kujulikana kama Olympia Sonnar.

Mwaka 1969 Canon ilianza kuuza lenzi ya 300 mm yenye kioo cha floraiti iliyotengenezwa kiwandani. Madini hayo hupunguza mistari ya rangi inayojitokeza kandokando ya vitu, kasoro inayosumbua zaidi lenzi ndefu. Mwaka 1995 kampuni hiyohiyo ilitoa lenzi ya 75–300 mm yenye mfumo wa kuzuia mtikisiko, ya kwanza kwa kamera za kubadilisha lenzi.

## Kuchagua urefu wa fokasi

Ukubwa wa taswira kwenye kihisi hukadiriwa kwa kuzidisha kimo cha kitu kwa urefu wa fokasi, kisha kugawa kwa umbali. Hesabu hiyo huonyesha kwamba umbali una uzito sawa na ukubwa wa kitu chenyewe. Kwa fremu kamili, ambayo kimo chake ni milimita 24, mifano ni hii:

- Tembo wa mita 3 akiwa umbali wa mita 30: 200 mm humpa kimo cha milimita 20, yaani karibu picha nzima. Kwa 400 mm angehitaji milimita 40, hivyo hawezi kuenea.
- Simba wa mita 1 begani akiwa umbali wa mita 40: milimita 5 kwa 200 mm, milimita 10 kwa 400 mm.
- Ndege wa sentimita 15 akiwa umbali wa mita 10: milimita 6 kwa 400 mm, milimita 9 kwa 600 mm.
- Mchezaji wa mpira wa mita 1.75 akiwa umbali wa mita 50, karibu nusu ya uwanja: milimita 7 kwa 200 mm, milimita 14 kwa 400 mm.
- Mwezi: milimita 2 hivi kwa 200 mm, milimita 5.5 kwa 600 mm.

Kwa picha za uso, lenzi za 85 hadi 135 mm hupendwa kwa sababu humweka mpiga picha mbali kiasi cha kutoikuza pua wala kipaji cha uso, huku akiweza bado kuzungumza na anayepigwa. Kwa ndege wadogo hata 600 mm mara nyingi haitoshi. Kujificha na kusubiri ndege asogee kutoka mita 10 hadi mita 5 huongeza taswira mara mbili, bila gharama ya lenzi nyingine.

## Mwanga na tundu la lenzi

Tundu la lenzi huandikwa kwa namba kama f/2.8, f/4 au f/5.6. Namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne zaidi ya f/5.6. Jioni ambapo lenzi ya f/2.8 huruhusu kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, ile ya f/5.6 italazimika kutumia 1/125, au kuongeza ISO mara nne na kukubali chembechembe zaidi katika picha. Mchezaji anayekimbia huacha ukungu kwa 1/125. Simba aliyelala hana tatizo.

Tundu kubwa huhitaji kioo kikubwa. Kipenyo chake ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa namba ya f: lenzi ya 200 mm f/2.8 huhitaji milimita 71, na ya 600 mm f/4 milimita 150. Hapo ndipo bei na uzito hupanda. Lenzi ya 70–200 mm f/2.8 kwa kawaida huwa na kilo 1 hadi 1.5, na ya 600 mm f/4 hufikia kilo 3 au zaidi.

## Zumu na fokasi moja

Lenzi ya zumu hubadilisha urefu wa fokasi, na ndiyo inayofaa zaidi kwa anayekutana na vitu mbalimbali siku moja. Katika hifadhi kama Serengeti, ambako kwa kawaida wageni hubaki ndani ya gari, mpiga picha hawezi kusogea apendavyo: tembo huweza kupita karibu na gari, na baada ya dakika chache chui aonekane juu ya mti wa mbali. Zumu ya 100–400 mm hukidhi hali zote mbili, na kwenye kamera ya APS-C ya kizidishi 1.5 hufika sawa na 600 mm. Zumu ya 70–300 mm ni nyepesi na nafuu zaidi, na hutosha kwa wanyama wakubwa na michezo ya mchana. Ile ya 70–200 mm f/2.8 hufaa harusi, mikutano na michezo ya usiku, lakini ni fupi kwa ndege.

Lenzi ya fokasi moja huwa na tundu kubwa zaidi au ubora bora kwa urefu uleule. Telekonveta, kifaa kinachowekwa kati ya lenzi na kamera, huongeza urefu mara 1.4 au mara 2, lakini hupunguza mwanga hadi nusu au robo, kwa mfuatano huo. Kwa hiyo humsaidia zaidi mwenye lenzi ya f/2.8 au f/4.

## Mtikisiko na hewa

Lenzi ndefu hukuza pia mtikisiko wa mkono. Kanuni ya zamani husema kasi ya shata isipungue moja juu ya urefu wa fokasi: 1/400 ya sekunde kwa 400 mm. Mfumo wa kuzuia mtikisiko huruhusu kasi ndogo zaidi, lakini haumzuii mnyama kusogea. Stendi husaidia, ndani ya gari hutumiwa mfuko wa maharage au mchanga uliowekwa dirishani, injini ikiwa imezimwa.

Adhuhuri hewa yenye joto inayopanda kutoka ardhini hupindisha mwanga, na kitu cha mbali huonekana kama kinachezacheza. Kasoro hiyo haiondolewi na lenzi ya bei yoyote. Dawa yake ni kusogea karibu au kupiga asubuhi na mapema.

## Tahadhari

Jua halitazamwi kwa lenzi ya telefoto kupitia kitafutio cha vioo bila kichujio maalumu mbele ya lenzi, kwa kuwa mwanga uliokusanywa waweza kupofusha jicho. Katika maeneo yenye unyevu, kama pwani ya Afrika Mashariki, kuvu huweza kuota kwenye vioo vya lenzi iliyofungiwa muda mrefu. Huzuiwa kwa kuihifadhi mahali pakavu pamoja na vifuko vya silika. Anayenunua lenzi iliyotumika huweza kumulika tochi kupitia vioo ili kuona kama ina kuvu au mikwaruzo.