PPSh na PPS: bunduki za bati zilizomtoa jasho Hitler

Wadau, ile bunduki fupi yenye kopo la duara mnayoiona kwenye muvi za Vita Kuu ya Pili inaitwa PPSh-41. Fundi wake ni Georgy Shpagin.

Kabla yake Warusi walikuwa na PPD ya Degtyarev. Nzuri, ila vyuma vyake vilichongwa kimoja kimoja, kazi ya polepole na ghali. Shpagin akatumia bati nene: mashine inalikandamiza mpaka lipate umbo, halafu linachomelewa. Hata viwanda ambavyo havikuwa vya silaha viliiweza, zikatoka zaidi ya milioni 5. Kopo lilibeba risasi 71, na bunduki ilitema kama 900 kwa dakika. Yaani ukiminya bila kuachia, sekunde tano nyingi, kopo jeupe!

Lakini kwangu mimi mkali ni PPS ya Alexey Sudayev. Hii ilitengenezwa Leningrad kuanzia 1942, mji umezingirwa na Wajerumani, watu wanakufa njaa, chuma na umeme ni vya kubahatisha. Sasa cheki hesabu: PPSh moja ilikula kilo 13.9 za chuma na saa 7.3 za mashine. PPS? Kilo 6.2, saa 2.7. Kitako si cha mbao, ni cha chuma na kinakunjwa, magazini ni ya risasi 35. Zikitoka kiwandani, mstari wa mbele uko palepale nje ya mji.

Sudayev mwenyewe hakufaidi sana. Alifariki 1946, akiwa na miaka 33 tu.