Matundu Mawili Kwenye Dashibodi ya Ndege

Mkazi wa Morotonga, huko wilayani Serengeti mkoani Mara, hana haja ya kuinua kichwa ili ajue kuwa ndege ndogo inapita. Anaisikia. Lakini wiki hii sina nia ya kuzungumzia kelele inayomfikia yeye aliye chini. Nataka tuingie ndani ya ndege yenyewe, ambako kelele hiyo ni kali kiasi kwamba watu wawili waliokaa bega kwa bega hawasikilizani vizuri mpaka kila mmoja avae hedifoni na kuchomeka plagi zake kwenye matundu mawili ya dashibodi. Matundu hayo yana historia ndefu kuliko ndege.

Pengine utauliza, plagi nayo ni jambo la kuzungumzwa redioni? Naam, ni jambo. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa Serengeti na ndege yao aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia kama punda milia, wakihesabu wanyama kutoka angani. Walipata wanyama 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alifariki baada ya ndege hiyo kugongana na tumbusi, akazikwa Ngorongoro. Kazi ya kuhesabu haikufa naye. Katika sensa za namna hiyo zilizofuata, rubani huiweka ndege karibu mita 100 tu juu ya ardhi, mwenzake wa mbele huangalia urefu na njia, na wawili wa nyuma hutazama wanyama, kila mmoja upande wake. Watu hao wanne wameunganishwa na nyaya za hedifoni. Waya mmoja ukianza kukwaruza, yule aliyesema kuwa ndege imeshuka mno hasikiki, na kwa urefu huo hakuna nafasi ya kuulizana "umesemaje?"

Sasa turudi kwenye tundu lenyewe. Wale waliowahi kuingia ofisi ya posta enzi za simu za kuunganishiwa watamkumbuka opereta, ameketi mbele ya ubao uliojaa vitundu, akichomoa waya huku na kuuchomeka kule. Plagi ya aina ile ilizaliwa katika vituo vya simu vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1870. Unene wake, robo inchi, yaani milimita 6.35, ndio unene wa plagi ya kusikilizia katika ndege nyingi ndogo mpaka leo. Hata sisi wa studio tunaitumia. Mimi nimeishika kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba ni mali ya urithi.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoipandisha ndege kwa mamilioni. Jeshi la Marekani lilikuwa na plagi yake ya kusikilizia iliyoitwa PL-55, na ya maikrofoni iliyoitwa PL-68, nyembamba kidogo, milimita 5.23 hivi. Vita ilipokwisha, vifaa vya jeshi vikamwagika sokoni kwa bei ya kutupa, na watengenezaji wa ndege za kiraia wakafuata vipimo hivyo hivyo. Majina yakabadilika yakawa PJ-055 na PJ-068, lakini umbo likabaki. Uzuri wa tofauti ile ya unene ni kwamba plagi nene haiingii kabisa katika tundu jembamba, hata gizani. Aliyeibuni hiyo apewe haki yake.

Helikopta zilikwenda njia nyingine. Zenyewe zina plagi moja tu, nene ya milimita 7.1, yenye njia nne ndani yake, inayofahamika kwa jina la kijeshi la U-174. Hapo ndipo tatizo linapoanza, maana mtu akiona plagi mbili na tundu moja, anakwenda dukani kununua kiunganishi, anachomeka, kinaingia vizuri, na bado sauti haipatikani. Sababu ni kwamba umbo si kila kitu. Hedifoni za kijeshi zilitengenezwa kwa ukinzani mdogo wa umeme, na za kiraia kwa ukinzani mkubwa. Hata wakati wa vita Wamarekani walikuwa na HS-23 ya ukinzani wa juu na HS-33 ya ukinzani wa chini. Ukizichanganya, sauti inakuwa kama ya mtu aliye chini ya mtungi.

Lakini kinachonishangaza mimi zaidi ni maikrofoni. Zile za zamani zilikuwa na chembe za mkaa ndani ya kikopo kidogo. Mtu akisema, sauti yake inazibana na kuziachia chembe hizo, na umeme unaopita katikati yao unapanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Kwa hiyo redio ya ndege ilibidi ipeleke umeme kidogo kwenye tundu la maikrofoni. Mkaa ulikuwa na matatizo: chembe zilishikana, sauti ikawa ya mkwaruzo. Zilipokuja maikrofoni bora zaidi, ndege nyingi zilikuwa tayari zina redio za kupeleka umeme ule. Wakafanya nini? Wakaweka kikuza sauti kidogo ndani ya maikrofoni mpya, kinachokula umeme uliokusudiwa mkaa. Ndiyo kusema, hedifoni ya kisasa ya bei kubwa inapochomekwa kwenye matundu yale mawili, inajifanya kuwa mkaa wa karne ya 19.

Kampuni ya Bose ya Marekani ilipoanza kuwauzia marubani mwaka 1989 hedifoni inayoua kelele kwa kutoa sauti iliyo kinyume nayo, jambo jipya lilizuka: hedifoni yenyewe sasa inataka umeme wake. Ama ubebe betri, ama uweke kwenye ndege tundu jipya dogo lenye pini sita, ambalo linabeba sauti, maikrofoni na umeme kwa pamoja.

Basi mwenye ndege ya miaka ya 1960 au 1970, na katika Afrika Mashariki zipo, afanye nini anapokuta tundu chakavu? Kwanza alipime unene wake, asilikisie kwa macho. Kisha ahesabu njia zake: la kusikilizia lina mbili, la maikrofoni lina tatu, na ile ya ncha ni ya kitufe cha kuongelea, si ya sauti. Fundi akizigeuza mbili hizo, rubani atabonyeza kitufe na mnara hautasikia neno. Hedifoni ya stirio nayo, ikiingizwa katika tundu la kawaida, upande mmoja unagusana na ardhi ya umeme na kunyamaza. Halafu kuna visahani vya faiba vinavyolitenga tundu la maikrofoni na bati la ndege. Ni vitu vya bei ndogo mno, na hupotea kirahisi wakati wa kufungua. Visiporudishwa, mvumo wa jenereta unaingia katika maongezi, na watu wanabadilisha redio nzima kwa kosa la kisahani. Kazi hiyo si ya mtu yeyote mwenye bisibisi. Ni ya fundi mwenye leseni ya ndege, naye anapaswa kuiandika katika kitabu cha ndege ili atakayefungua dashibodi hiyo baadaye ajue kilichobadilishwa.

Wengi wanaoweka tundu la pini sita hawaling'oi lile la zamani. Wanaliongeza pembeni, na yale mawili ya enzi ya PL-55 yanabaki mahali pake, ili abiria yeyote atakayepanda na hedifoni yoyote apate pa kuchomeka.