Lual Mayen na mchezo wa simu uliozaliwa kambini

Lual Mayen, mzaliwa wa familia ya wakimbizi wa Sudan Kusini aliyelelewa kambini kaskazini mwa Uganda, hutajwa mara nyingi panapozungumziwa michezo ya simu inayotengenezwa na watu binafsi, bila ya kampuni kubwa nyuma yao. Mchezo wake unaitwa Salaam, yaani amani.

Wazazi wake waliikimbia vita, naye akazaliwa njiani. Dada zake wawili walifariki katika safari hiyo. Mnamo mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, katika kituo cha kuandikisha wakimbizi. Mama yake, aliyekuwa akishona nguo, alidunduliza fedha kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, hivyo kijana huyo alikuwa akitembea saa tatu hadi kwenye mkahawa wa intaneti. Huko ndiko alikojifunza mwenyewe kuandika programu.

Toleo la kwanza la Salaam lilienea kutoka simu hadi simu miongoni mwa vijana wa kambini. Kisha Mayen akauweka mchezo huo kwenye Facebook, na watengenezaji wenzake wa nchi za mbali wakaanza kuwasiliana naye. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games jijini Washington, na mwaka 2018 akatunukiwa heshima katika hafla ya The Game Awards. Katika toleo jipya, mchezaji humwongoza mkimbizi anayekimbia hatari, na hulazimika kumtafutia maji, chakula na dawa. Mayen alikusudia fedha halisi zinazolipwa ndani ya mchezo zisaidie wakimbizi walioko kambini.

Kwa nini wenzake ni muhimu

Mtengenezaji wa kujitegemea hubeba peke yake kazi za watu wengi: kutunga kanuni, kuandika programu, kuchora, kutia sauti na kujaribu. Kwa kuwa ameuzoea mchezo wake, haoni tena mahali ambapo mgeni atakwama. Mtengenezaji mwenzake akiushika kwa dakika tano tu, kasoro hizo hujitokeza: maandishi madogo yasiyosomeka juani, kitufe kisichoonekana, au mchezo mzito usiotosha katika simu ya bei nafuu. Aidha, mwenye kipaji cha kuchora anaweza kubadilishana kazi na mwenye ujuzi wa programu, na wote wawili wakanufaika bila ya kulipana.

Vifaa vya kuanzia si ghali. Injini ya Godot ni ya bure, na Unity ina toleo la bure kwa wenye mapato madogo. Gharama hujitokeza wakati wa kuuza: kujiandikisha kama mtengenezaji katika Google Play ni dola 25, zinazolipwa mara moja, ilhali Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Malipo hayo huhitaji kadi inayokubalika kimataifa, kikwazo kikubwa kwa kijana asiye na akaunti ya benki.

Njia mojawapo ya kuwapata wenzake ni Global Game Jam, inayofanyika kila mwaka tangu 2009 katika miji mingi duniani. Washiriki hupewa mada moja, nao huunda vikundi na kujaribu kutengeneza mchezo kwa muda mfupi. Asiyejua programu pia hupata nafasi, kwani kikundi huhitaji mchoraji, mtunzi wa hadithi na mtu wa sauti.

Michezo mingi huishia katika kompyuta ya aliyeitunga, si kwa ubovu wake, bali kwa sababu hapana mtu mwingine aliyeiona. Mayen aliutoa wake mapema, ungali mchanga, na ndipo wenzake walipoweza kumfikia.