Mzoga na Maiti: Neno Moja la Kijerumani katika Propaganda ya Vita

Aghalabu wafasiri wanaotafuta kisawe cha neno propaganda hutarajia jibu fupi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jibu fupi halitoshi, na kwamba mfasiri mwenyewe anaweza kuwa chombo cha propaganda kabla hajaamua aiiteje.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini. Mwaka 1622 Papa Gregori XV aliunda idara ya kueneza imani ya Kikatoliki, na katika jina la idara hiyo ndimo neno propaganda lilimochukuliwa na lugha za Ulaya. Maana yake ya msingi ni uenezi tu, wala hapakuwa na ubaya wa lazima ndani yake. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, ndivyo vilivyolitia doa. Uingereza ilifungua ofisi ya siri katika jumba la Wellington House, London, mwaka 1914, chini ya Charles Masterman. Marekani nayo, ilipoingia vitani Aprili 1917, iliunda kamati ya habari kwa umma chini ya mwandishi wa magazeti George Creel. Wajerumani hawakubaki nyuma. Kila upande ulitambua kwamba karatasi ni silaha.

Mkasa tunaotaka kuuchambua ulitokea mwezi huohuo wa Aprili 1917. Gazeti moja la Berlin lilichapa taarifa fupi ya mwandishi wake Karl Rosner, aliyekuwa akipita nyuma ya mstari wa mapigano nchini Ufaransa. Alieleza kwamba alisikia harufu nzito, akapita karibu na kituo ambamo mafuta yalikamuliwa kwa ajili ya vilainisho, na mifupa ikasagwa kuwa chakula cha nguruwe na mbolea. Kituo hicho alikiita Kadaververwertungsanstalt.

Tulivunje neno hili kama tufanyavyo mezani petu. Anstalt ni kituo au taasisi. Verwertung ni kukitumia kitu ili kipatikane cha faida ndani yake. Kadaver, katika matumizi ya kawaida ya Kijerumani, ni mzoga, yaani mwili wa mnyama aliyekufa. Maiti ya binadamu huitwa Leiche au Leichnam. Basi kilichoelezwa ni kituo cha kutumia mizoga. Wala si jambo la ajabu: farasi walikuwa wakifa kwa maelfu vitani, na Ujerumani, iliyozingirwa baharini na manowari za Waingereza, ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta.

Lakini katika Kiingereza na Kifaransa yamo maneno yanayofanana na Kadaver kwa sura, nayo huhusu maiti ya mtu. Tarehe 17 Aprili 1917 magazeti ya The Times na Daily Mail ya London yalichapa taarifa ile ikiwa imefasiriwa kwa neno la maiti, sambamba na masimulizi marefu yaliyotoka katika gazeti la Wabelgiji waliokuwa uhamishoni, yaliyodai kwamba askari waliokufa walifungwa mafungu mafungu na kupelekwa kwa treni kukamuliwa mafuta. Uvumi wa namna hiyo ulikuwa umekwisha zagaa tangu 1915. Sasa ukapata kile ulichokikosa, yaani ushahidi wa gazeti la adui mwenyewe. Wajerumani walikanusha, wakaeleza tofauti ya maneno hayo mawili, lakini nani amsikilize adui akitoa somo la msamiati? Serikali ya Uingereza, ilipoulizwa Bungeni, ilijibu kwamba haikuwa na habari zaidi ya zile za magazeti, ila kwa matendo ya jeshi la Ujerumani hapakuwa na lisilosadikika. Haikuthibitisha, wala haikukanusha.

Kama lilikuwa kosa au hila, wanahistoria wangali wakibishana. Lililo wazi ni kwamba Desemba 1925 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Austen Chamberlain, alikubali Bungeni kanusho la serikali ya Ujerumani kwamba habari ile haikuwa na msingi wowote. Mwaka 1928 Arthur Ponsonby aliiweka katika kitabu chake kuhusu uongo wa wakati wa vita, na watu wengi wakaapa kutodanganywa tena.

Hapo ndipo gharama halisi ilipodaiwa. Katika Vita Vikuu vya Pili, habari za vyumba vya gesi ambamo Wayahudi walikuwa wakiuawa zilipofika London, wapo wakubwa walioziona kuwa ni yaleyale. Mwaka 1943 Victor Cavendish-Bentinck, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Uingereza, aliandika kwamba zilimkumbusha hadithi ya mafuta ya maiti ya vita vilivyopita. Safari hii habari zilikuwa za kweli. Uongo wa 1917 ulikuwa umekula imani ambayo ukweli ulikuja kuihitaji.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na mpaka uleule wa Kijerumani: mnyama huacha mzoga, binadamu huacha maiti, na anayemwita marehemu mzoga amemtukana. Lakini mpaka huo haumsaidii mfasiri anayeipokea habari kupitia lugha ya tatu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, maneno yafuatayo yasichanganywe: uvumi ni habari isiyo na mwenyewe, uzushi ni habari iliyotungwa kwa kusudi, propaganda ni mpango wa kueneza habari, za kweli au za uongo, ili kuwavuta watu upande fulani, na kasumba, neno ambalo asili yake ni afyuni, ni kile kinachobaki kichwani baada ya kulishwa hayo kwa muda mrefu. Mkasa wa 1917 ulianza kwa uvumi na ukatumiwa kama propaganda. Kuuita uzushi tangu mwanzo ni kudai tunaijua nia ya mfasiri wake.

Pili, mfasiri wa habari za vita alitafute neno katika lugha lilimozaliwa, na akilitilia shaka aliache kama lilivyo na kulieleza. Gazeti la kesho husahihisha kosa la leo, lakini msomaji aliyekwisha amini hana kawaida ya kurudi kulisoma.