Gurudumu Lisilopumzika

Utamaduni haumo katika ngoma na mashairi peke yake. Umo pia mikononi mwa fundi. Tuitazame baiskeli ya Rover, aliyoitengeneza John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Mnyororo wake uliishika gia ya gurudumu la nyuma pasipo friwili: gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, hata mteremkoni.

Katika baiskeli za namna hiyo, mpandaji hupunguza mwendo kwa kuzizuia pedali kwa miguu. Basi gia ikifunguka, uhai wake umo hatarini. Mafundi wakabuni dawa: gia hukazwa kwa hesi ya kulia, kisha hufungwa kwa pete yenye hesi ya kushoto. Nguvu itakayo kuilegeza gia ndiyo huikaza pete.

Mwishoni mwa karne ya 19 friwili ilianza kuenea, miguu ikapumzika. Lakini baiskeli za mashindano ya uwanjani zingali na gurudumu la kale, wala hazina breki. Kwa hiyo fundi huikaza pete, huuacha mnyororo ulegee kidogo tu, ndipo afunge nati zote mbili. Akizembea, atakayelipa ni mpandaji.