iPhone, Android au Kitochi: Nani Kashinda Mikese?

Wadau, ubishi wa iPhone na Android mitandaoni hauishi. Nani ana kamera kali, nani ana hela, nani mshamba. Lakini shuka kwenye basi pale Mikese, kabla hujafika Morogoro mjini, usogee kijiwe cha bodaboda na utaje huo ubishi. Swali litakuwa moja tu: hiyo simu inakubali WhatsApp?

Swali hilo limetoka mbali. iPhone ilipotoka Marekani mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android mwaka uliofuata, huku kote kulikuwa kwa Nokia. Tena kilichobadilisha maisha wala hakikuwa simu janja. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na haikuuliza mtu ana simu gani. Unabonyeza *150*00#, menyu inakuja, hela inaenda. Menyu ile inatoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, haikai ndani ya simu, ndiyo maana inafanya kazi hata kwenye kitochi kilichofungwa kwa mpira. Mama anayeshusha ndizi kutoka milima ya Uluguru analipwa sawasawa na bosi mwenye iPhone.

Mjini nako walikuwepo wa BlackBerry, wakiringishiana PIN za BBM. Kosa lao lilikuwa kufunga mlango. BBM ilikuja kuruhusiwa kwenye Android na iPhone Oktoba 2013, wageni wameshahamia kwa jirani, maana WhatsApp ilikuwa inaingia hadi kwenye Nokia za vitufe. Hapo ndipo vita iliamuliwa, na mwamuzi hakuwa mfumo wa simu. Alikuwa programu moja ya kuchati.

Halafu ikaja Juni 2016. TCRA ikazima simu feki, zile za "Mchina" zenye laini mbili na spika ya kuamsha mtaa. Watu walibonyeza *#06#, wakatuma namba kwenda 15090, wakasubiri jibu kama matokeo ya mtihani. Waliozimiwa walirudi dukani, na dukani kulikuwa na Tecno na itel. Android haikushinda kwa uzuri. Ilishinda kwa bei, na kwa kukubaliwa na kila kiwanda.

Lakini uchungu wenyewe uko hapa. Tarehe 31 Desemba 2018 WhatsApp iliziacha Nokia za S40. Simu nzima, betri inakaa, kioo hakina ufa, ila kundi la familia na la kikoba kimya! Hakuna aliyeiba wala kuvunja kitu, uamuzi ulifanyika ng'ambo tu. Mwaka 2019 Vodacom wakaleta Smart Kitochi yenye KaiOS, WhatsApp ikiwemo, na wengi wakaona hatimaye mnyonge kakumbukwa. Mwaka 2025 WhatsApp ikaiaga KaiOS nayo. Mei mwaka huohuo zikafuata iPhone 5s na 6, zile za mtumba ambazo watu walijibana kuzinunua ili nao wasiitwe washamba. Siku hiyo mwenye tunda na mwenye kitochi walikuwa foleni moja.

Android nayo ina yake. Inaruhusu kupakua programu hata nje ya duka lake rasmi, na mlango huo huingiza wema na wezi. Mikopo ya simuni ilikuja kwa kasi: unaomba 20,000, unabonyeza "ruhusu" bila kusoma, programu inachukua majina yako yote ya simu. Ukichelewa kulipa, meseji inamfikia mwenyekiti wa kijiji, mchungaji, hadi mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, lakini aibu ya kwa mama mkwe haifutiki kwa tangazo.

Kwa hiyo usishangae dereva wa bodaboda akitoa simu mbili mfukoni. Android yenye kioo kilichopasuka ni ya WhatsApp na mpira wa jioni, na bando likiisha inalala. Ukitaka kumlipa, anakupa namba iliyo kwenye kitochi.