Chema Chajiuza? Historia Fupi ya Kuomba Kazi ya Uhadhiri

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na baadhi ya wanafunzi wetu huitegemea hata wanapotafuta kazi ya kufundisha chuo kikuu. Huamini kwamba mtu akifaulu vizuri, idara itamwita. Katika makala haya tunaonyesha imani hiyo ilitoka wapi, na kwa nini haiwafai tena.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichotoa digrii za Chuo Kikuu cha London. Wakati huo wahadhiri wengi walitoka Uingereza, na baraza maalumu la vyuo vikuu lililoundwa huko mwaka 1946 kwa ajili ya elimu ya juu katika makoloni lilisaidia kuwatafuta. Mambo ya ajira yalikuwa mbali sana na mwanafunzi wa Kampala.

Baada ya uhuru hali ilibadilika. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikajitegemea. Mwaka huohuo Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam. Vyuo vilihitaji wahadhiri wazalendo kwa haraka. Njia moja iliyotumika ilikuwa kumchagua mhitimu bora, kumwajiri kama mkufunzi msaidizi, kisha kumpeleka kusomea shahada ya uzamili na uzamivu. Mhitimu huyo alijulikana kwa walimu wake, na matokeo yake yalimsemea. Hapo chema kilijiuza kweli.

Siku hizo zimepita. Vyuo vimeongezeka, mathalani Moi mwaka 1984 na Mbarara mwaka 1989, na wahitimu nao wameongezeka. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2001 ilivipa vyuo vikuu vya umma bodi za uteuzi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, na nchini Kenya vigezo vilivyotolewa mwaka 2014 viliweka shahada ya uzamivu kuwa sharti la mhadhiri. Sasa nafasi hutangazwa, waombaji hutoka nchi mbalimbali, na wanaoamua huenda hawajawahi kumwona mwombaji.

Jambo hili linatugusa sisi walimu wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili Uganda mwaka 2005, na Rwanda ikakiongeza katika lugha zake rasmi mwaka 2017. Walimu wanahitajika. Hata hivyo, tumewaona vijana wenye Kiswahili safi wakikosa nafasi kwa sababu cheti kimoja hakikuambatishwa, au mdhamini hakujua kwamba jina lake limeandikwa.

Usaili nao una mitego yake. Jopo huwa na wajumbe wasio wa fani yetu, na maswali huweza kuulizwa kwa Kiingereza. Mwombaji aliyeandika tasnifu kuhusu ngeli hana budi kumweleza mwanauchumi, kwa dakika tatu, ngeli ni nini na kwa nini zichunguzwe. Katika somo la majaribio, kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kuwahutubia wanaoanza kujifunza lugha kuhusu asili ya Kiswahili, ilhali hata kusalimiana hawajaweza.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wetu wafungue jalada sasa, wakiwa bado masomoni. Waweke humo vyeti, wasifu unaorekebishwa kila muhula, andalio la somo walilolifundisha wenyewe na makala waliyoyawasilisha kongamanoni. Wazungumze na wadhamini mapema. Wafanye mazoezi ya usaili mbele ya wenzao, kwa lugha zote mbili.

Nasi walimu tusijitoe. Walimu wetu walitushika mkono wakatuingiza idarani. Sisi hatuna uwezo huo tena, lakini kusoma barua ya mwanafunzi kabla haijatumwa hakuhitaji kibali cha bodi yoyote.